Mtu wa Mradi

Kitu cha kwanza Dada alichokiona ni kitabu cha darasa la kwanza. Kilikuwa kinachungulia kwenye mkoba wa mdogo wake, jaladani kuku na vifaranga, na jina la mtoto mwingine limefutwafutwa kwa kalamu. Redio alikuwa na miaka kumi na tano. Vitabu vyake vya kawaida vilikuwa vinene kama tofali. Hiki cha kuku na vifaranga kilikuwa cha nini?

Hakuuliza. Dada hakuwa mtu wa kuuliza. Alisogeza mkoba kwa mguu, akapata pa kuweka beseni, akaendelea kufua soksi za shule.

Walikuwa watatu katika chumba kimoja chenye kibaraza. Mama alikuwa mfagizi wa ofisi za ghorofani. Aliondoka kabla wenye ofisi hawajafika na kurudi mchana miguu imevimba, akaipandisha juu ya ndoo iliyopinduliwa asitake kusemeshwa mpaka ipungue. Dada, mwenye miaka ishirini na mitatu, alipiga pasi kwa dobi. Mdogo walimwita Redio tangu alipoanza kusema, kwa sababu akiwashwa hazimiki. Ndiye aliyekuwa tegemeo la nyumba. Hilo lilisemwa hadharani, wakati wa kula, hata mbele ya Dada, kama watu wanavyosema mvua itanyesha.

Dada alikuwa ameacha shule darasa la sita, mwaka ambao Mama alilazwa na Redio alihitaji mtu wa kukaa naye. Mwaka huohuo alimfundisha mdogo wake kusoma, pale kibarazani, akiandika kwenye saruji kwa kidole kilicholowa maji. Herufi zilikuwa zinakauka upesi kwa jua. Redio alijifunza kuzisema kabla hazijapotea.

*

Jumatano, kwa dobi, Dada alisema sentensi aliyoifanyia mazoezi kwa siku nne.

Mwenye dobi aliitwa Tajiri, ingawa kandambili zake zilikuwa zimeshikwa kwa waya. Mwanamke wa kaunta alikuwa anahama mwisho wa mwezi, na Tajiri alibandika karatasi mlangoni ya kutafuta mtu. Kila asubuhi Dada aliisoma karatasi hiyo mpaka mwisho, akaipita, akaingia chumba cha nyuma. Kaunta ilikuwa na kiti na feni. Mtu wa kaunta alipokea nguo, akaandika jina na namba kwenye kijitambaa kwa wino usiotoka, akakibana kwenye ukosi, akakata risiti. Wateja walimsalimia. Chumba cha nyuma kilikuwa na meza ya pasi, mvuke, na dirisha lisilofunguka, na Dada alikuwa amesimama humo miaka minne.

"Mzee," alisema, macho yake yakiwa sakafuni, "mimi naweza kuandika."

"Kuandika nini?"

"Vijitambaa. Na risiti."

Tajiri alivua miwani. "Wewe? Miaka minne hii sijakusikia ukisema hata 'Mzee, nguo imeungua.'"

"Haijawahi kuungua, Mzee."

Tajiri alicheka mpaka akakohoa. Alifungua droo, akatoa vijitambaa hamsini, kalamu ya wino na orodha ya wateja wa kudumu. "Haya. Kaandike nyumbani, uniletee kesho. Mimi namba moja ikikosewa napoteza suti ya mtu. Niliwahi kumpa bwana harusi kaptula."

Kesho yake alivitazama kimoja kimoja chini ya taa. Alivitazama vyote hamsini. Kisha alikwenda mlangoni akaibandua ile karatasi, akaikunjakunja, akaitupa.

"Jumatatu ya tarehe moja unakaa mbele," alisema. "Na ununue blauzi isiyo na doa la pasi. Mwandiko kama umechapwa, na mtu umejificha humo nyuma kama mwizi. Watoto wa siku hizi, sijui mna nini."

Dada alirudi kwenye pasi. Mchana ule alipiga mashati sitini, na mara mbili alijikuta ameachia meno peke yake.

Nyumbani alisema habari hiyo wakati wa kula, kwa sauti ndogo. Mama alisema, "Vizuri, mwanangu," akamgeukia Redio kumuuliza klabu imefikia wapi.

*

Jumapili mchana ndipo kitabu kilipotolewa.

"Dada, nikwambie kitu, usikasirike," Redio alisema.

"Sema."

"Kwanza sema hutakasirika."

"Sema bwana, nina nguo za kuanua."

Redio alikuwa mwanachama wa Klabu ya Wasichana Viongozi kwa mwaka wa pili. Huko walifundishwa kusimama wima, kusema bila kuziba mdomo kwa kiganja, kuongoza kikao, na kumpinga mtu mzima bila kumtukana. Redio alizaliwa na mambo hayo. Klabu ilimpa ukumbi tu. Sasa kulikuwa na jaribio la mwisho. Kila msichana alitakiwa achague mtu mzima wa karibu, amwongoze siku tisini, ambadilishie jambo moja katika maisha, kisha amlete mbele ya wafadhili atoe ushuhuda. Atakayeshinda angepelekwa shule ya bweni miaka minne, kila kitu juu yao. Wasichana walikuwa kumi na wawili, nafasi ilikuwa moja.

Redio alikuwa amemchagua Mama Mboga, muuza mboga wa ng'ambo ya barabara, asiyejua kusoma.

"Amenikimbia," Redio alisema. "Wiki ya tatu tu. Eti herufi zinamuumiza kichwa kuliko tenga la kabichi."

"Siku zimebaki ngapi?"

"Kumi na tatu."

"Na zile ripoti za kila wiki?"

"Nimeziandika zote. Nimeandika anaendelea vizuri sana."

Mama, miguu yake juu ya ndoo, alicheka kwa kushangaa. "Mtoto huyu! Anaendelea vizuri na kabichi zake."

"Sikuandika jina lake, Mama. Niliandika 'mtu wangu'. Kila mahali, 'mtu wangu'." Redio alikifungua kile kitabu magotini, akakifunga. "Mtu wangu anaweza kuwa yeyote."

Halafu Mama na Redio, kila mmoja kwa wakati wake, wakamtazama Dada.

"Mimi najua kusoma," Dada alisema.

"Najua, Dada. Mimi si ndiyo najua? Lakini wao hawajui."

"Tajiri amenipa kaunta."

"Tajiri na klabu wapi na wapi?" Mama aliingilia. "Wale wazungumzaji wa ukumbini watamjulia wapi dobi? Ni nusu saa. Unakaa, unasoma mistari miwili kama mtu aliyejifunza juzi, wanapiga makofi, unarudi kwenye kaunta yako. Nani atakayejua?"

Dada alikunja taulo iliyokuwa imeshakunjwa.

"Kaunta haiendi popote," Mama alisema, sasa kwa upole. Mama alikuwa na wasichana wawili na miguu ambayo daktari alisema haitamaliza miaka mitano ya kupanda ngazi. Alishapiga hesabu zamani ni nani wa kumwekea tumaini, na hesabu hiyo hakuwahi kuirudia. "Mwenzako akikosa hii, hana nyingine. Unataka aje akae humo kwenye mvuke na wewe?"

Dada alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, yamejipanga, lakini yalikuwa mengi na mlango ulikuwa mdogo. Akaufunga.

"Nilijua tu," Redio aliruka akamkumbatia shingoni. "Nilimwambia Mama, Dada hana neno!"

*

Walifanya mazoezi kila siku Dada akitoka kazini, kibarazani, mlango wa uani umefungwa.

"'Kuku ana vifaranga sita,'" Dada alisoma.

"Hapo umeenda mbio. Rudia. 'Vi-fa...' halafu unakwama."

"Nakwama wapi?"

"Nimeweka nukta kwa penseli. Penye nukta unakwama."

"Nikikwama sana si watasema hujanifundisha kitu?"

"Ndiyo maana usikwame sana. Kwama kama mtu anayetaka kutoka."

"Kama gari la taka," Mama alisema toka kitandani. "Linaguna, linaguna, halafu linatoka."

Walicheka wote watatu. Hata Dada alicheka.

"Na kidole," Redio alisema. "Fuatisha kwa kidole. Watu wazima wanaojifunza hufuatisha kwa kidole, na midomo inatangulia kuchezacheza."

"Umejuaje?"

"Nimemwona Mama Mboga."

Kazi ilikuwa kuyazuia macho. Macho ya Dada yalikuwa yanafika mwisho wa ukurasa kabla kidole hakijatoka kwenye neno la pili, na ilibidi ayavute nyuma kama mbuzi kwenye kamba. Siku ya tano alianza kuweza. Siku ya tisa Redio alipiga makofi, akasema, "Hapo! Hapo hata mimi nimeamini!" Dada akasikia, kwa mara ya kwanza, kwamba ile sauti ya kugugumia ilikuwa inamtoka yenyewe.

*

Ijumaa Dada alipiga pasi vitambaa vyeupe vya kufunikia viti, mia moja na ishirini. Hakuuliza vinakwenda wapi. Alijua tu kuna mtu ana shughuli kubwa.

Jumamosi alipoingia ukumbini akiwa na Redio, aliviona. Kila kiti kimevishwa, mikunjo yake mwenyewe imenyooka kama alivyoiacha. Alisimama mlangoni.

"Nini tena?" Redio alinong'ona. "Twende, wanatuangalia."

Dada alijiambia vitambaa vimeletwa na mkokoteni kama kawaida. Lakini Tajiri alikuwa amevaa suti siku hiyo. Alikuwa ameona magari ya wafadhili, akaona ni vizuri dobi yake ijulikane, akaja na vitambaa mwenyewe, na mwezeshaji wa klabu, mwanamke mchangamfu mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, akampa kiti mstari wa tatu kwa shukrani. Dada hakumwona. Alikuwa anatazama miguu yake.

Jina la Redio lilipoitwa, alipanda jukwaani bila karatasi.

"Mgeni rasmi, wafadhili wetu, wazazi," alianza, na sauti yake ilijaza ukumbi mpaka waliokuwa wakinong'ona nyuma wakaacha. "Ninaishi chumba kimoja na mtu ambaye kwa miaka ishirini na mitatu hakujua jina lake likiandikwa. Nilimwona akishika dawa ya Mama juu chini. Nikajiuliza, uongozi unaanzia wapi? Ukumbini, au nyumbani kwangu?"

Watu waliguna kwa kuguswa. Mama, mstari wa mwisho, aliinamisha kichwa. Mama Mboga alikuwepo pia, amekuja kuona mambo, na yeye peke yake alijiziba mdomo kwa kanga mabega yakitikisika.

"Siku tisini zilizopita, huyu dada yangu alikuwa hajui A. Leo, tafadhali, msikilizeni."

Dada alikaa kwenye kiti cheupe. Akapewa karatasi na kipaza sauti. Mistari ilikuwa mitano, na aliiona yote mitano kwa pamoja, kama mtu anavyoona sura.

Akaweka kidole.

"Ku... ku," alisoma. "Kuku... a-na. Kuku ana vi... vi-fa..."

Alikwama penye nukta. Ukumbi ulikwama naye. Watu mia na ishirini waliinama mbele kwenye viti vyao, midomo yao ikimsaidia. "...vifaranga," alisema, na makofi yakalipuka kama amefufuka. Kila neno lilipigiwa makofi. Alipofika mwisho, mgeni rasmi, mama mnene mwenye hereni nzito, alikuwa analia. Alipanda jukwaani, akamshika Dada mashavu yote mawili kwa viganja kama anavyoshikwa mtoto.

"Sema chochote, mwanangu. Kwa maneno yako mwenyewe. Unajisikiaje kuweza kusoma?"

Kipaza sauti kilikuja mdomoni. Dada aliinua uso, na hapo ndipo alipomwona Tajiri.

Tajiri hakuwa anapiga makofi. Alikuwa ameshika miwani yake mkononi na kumtazama, uso wake kama wa mtu aliyepewa kaptula badala ya suti.

"Ana haya," Redio alisema kwa kicheko, akachukua kipaza sauti. "Hiyo ya kuongea ndiyo siku tisini zijazo."

Ukumbi mzima ukacheka.

*

Jumatatu ya tarehe moja Dada alikuja na blauzi mpya. Mwezeshaji wa klabu alikuwa ameshafika, analeta vitambaa vya viti vifuliwe. Alipomwona alimkumbatia mbele ya kaunta.

"Nyota wetu! Mzee, huyu umeajiri nyota, unajua? Kamati inakaa wiki hii. Mimi sina la kusema, kura ni zao, lakini mgeni rasmi hajalala."

"Nilikuwepo," Tajiri alisema. "Niliona."

Alikuwa na vijitambaa hamsini juu ya kaunta, vilevile. Alivipanga kwa vidole, bila haraka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye ukimdanganya kuhusu namba hatakuamini tena hata kuhusu saa.

"Hivi nani alikuandikia, binti?"

Dada alitazama vijitambaa.

"Nauliza tu. Maana hapa pana jina la yule daktari, lile refu. Hata mimi hulikosea. Na hapa ni mwandiko wa mtu aliyesoma." Alichukua kalamu ya wino, akaiweka mbele yake, na kipande kitupu cha kitambaa. "Au andika hapa. Jina lako tu. Nikiona, nitaomba radhi mbele ya huyu mama."

Feni ilizunguka. Mwezeshaji alivaa miwani yake, akasogea karibu kwa shauku njema. Alitaka kumwona mwanafunzi wa siku tisini akiandika.

Dada aliishika kalamu. Angeliandika jina lake kwa mwandiko ule wa kuchapwa, na kamati iliyokuwa inakaa wiki hii ingejua. Angeliandika vibaya, na Tajiri angejua amedanganywa. Mkono wake ulikuwa mtulivu kabisa. Ulikuwa mkono wa mtu anayejua kuandika.

Aliirudisha kalamu chini.

"Mdogo wangu," alisema. "Aliandika mdogo wangu."

"Jamani!" Mwezeshaji alishika kifua. "Mnaona? Hata hapo alikuwa anamsaidia! Kimyakimya, bila hata kutuambia. Hii lazima kamati waisikie."

Tajiri alikusanya vijitambaa, akavitia kwenye droo. "Pasi haihitaji kusoma," alisema, naye alidhani anamfanyia huruma. "Rudi nyuma. Sikufukuzi. Lakini siku nyingine usinidanganye, mimi ni sawa na baba yako."

"Ndiyo, Mzee."

"Na hiyo blauzi ivue, itapata doa."

Alasiri ya siku hiyo karatasi ya kutafuta mtu ilirudi mlangoni. Dada alipotoka aliisoma. Tajiri alikuwa ameongeza mstari chini: ajue kweli.

*

Redio alishinda.

Mwezeshaji aliitangaza habari hiyo hapohapo kibarazani, na majirani wakaja, na Mama alicheza akiinua miguu yake yenye uvimbe mmoja mmoja kama mtu anayevuka maji. Mama Mboga alileta kabichi mbili. "Hii ya mwalimu," alisema, akimpa Redio. "Na hii ya mwanafunzi." Alimkonyeza Dada, akaondoka akicheka peke yake njia nzima.

Siku zilizofuata watu walikuja kuuliza ilikuwaje, na Redio alisimulia. Kila mara aliongeza kidogo. Dada alikuwa nyuma ya pazia akipiga pasi sare mpya za bweni alipomsikia akimweleza mama wa nyumba ya tatu:

"Kilichomsumbua zaidi ni b na d. Alikuwa anazichanganya, anazichanganya, mpaka anataka kulia. Nikamchorea tumbo la b linatazama mbele."

"Kweli kabisa," Mama aliunga mkono, akicheka. "Nakumbuka. Alikuwa anatupa na kitabu."

Mkono wa Dada ulisimama juu ya ukosi. Aliyekuwa anachanganya b na d ni Redio, akiwa na miaka mitano, pale pale kwenye saruji. Aliyemchorea tumbo linalotazama mbele ni yeye. Alingoja Mama acheke kwa namna nyingine, acheke kwa siri, kama mtu anayejua. Mama hakuwa anafanya siri. Mama alikuwa anakumbuka.

Harufu ya kuungua ilimshtua. Alinyanyua pasi. Ilikuwa mara ya kwanza.

"Dada, nini hicho?" Redio aliita. "Usiniambie ni ile ya mikono mirefu!"

"Ni ya mikono mifupi."

"Ah, afadhali."

Mgeni alipoondoka Mama aliingia, akakaa kando yake. "Najua kaunta imekuuma," alisema. "Sikuzuii kuumwa. Lakini umempa mwenzako maisha. Una moyo, mwanangu. Mtu mwingine asingenyamaza."

Dada alikunja shati lenye alama ya pasi, akalificha chini kabisa ya sanduku la mdogo wake.

*

Gari la klabu lilikuja asubuhi ya Jumamosi. Sanduku lilikuwa mlangoni. Mwezeshaji aliingia na faili na kidau cha wino wa dole, akakaa kwenye kitanda cha Mama.

"Sahihi mbili tu, halafu tuwaachie nafasi mlie," alisema, akicheka. "Mama hapa, kwamba umemruhusu mtoto. Na wewe nyota wetu hapa, kwamba umeridhia picha na habari zako zitumike kwenye mabango na vitabu vya klabu. Usihangaike na kalamu, mpenzi. Dole gumba linatosha."

Alimpa karatasi. Ilikuwa na picha ya Dada juu ya kiti cheupe, kidole kikiwa kwenye mstari, mdomo umefunguka nusu. Chini ya picha kulikuwa na habari yake, aliyoiandika Redio kwa kamati.

Dada alisahau kidole. Macho yake yalishuka ukurasa, yakafika aya ya tatu, yakasimama, yakapanda juu kidogo, yakarudi kuisoma tena. Aya ilisema dada wa mshindi aliachishwa shule mapema kwa kuwa alikuwa mzito wa akili tangu utotoni, na familia ilikuwa imeshamkatia tamaa.

Mwezeshaji alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka kumi na mmoja kabla ya klabu. Alikuwa ametazama macho ya watoto elfu moja juu ya karatasi.

"Wewe unasoma," alisema polepole.

"Si alifundishwa," Mama alisema haraka.

"Hapana, Mama. Siku tisini hazitoi macho ya namna hii."

Redio alikuwa ameshika mpini wa sanduku kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kusema, hakuwa na neno. Nje dereva alipiga honi.

Mwezeshaji alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya gauni muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Ripoti ilikuwa imeshakwenda kwa wafadhili. Mgeni rasmi alikuwa ameahidi klabu nyingine tatu kwa sababu ya machozi yale, wasichana tisini. Mabango yalikuwa yanachapwa. Alivaa miwani, akafungua kidau cha wino, akakisogeza mbele ya Dada.

"Dole, mpenzi," alisema. "Gari linasubiri."

Dada aliweka dole kwenye wino, akaliweka kwenye karatasi, akalikandamiza mpaka Mwezeshaji akasema basi. Mwezeshaji alikunja faili akatoka, bila kumtazama mtu.

Redio aliachia sanduku akamrukia Dada shingoni, kama siku ile. "Asante. Asante, Dada. Wallahi nikimaliza nitakuja kukuchukua, nitakutoa kwenye ule mvuke, nitaku..."

Dada alimtoa shingoni taratibu, akamshika mabega, akamsimamisha mbele yake. Hakutazama sakafu.

"Umeandika mimi ni mzito wa akili."

"Ni maneno tu, Dada. Walitaka sababu. Ilibidi kuwe na sababu."

"Siku ile jukwaani niliiona karatasi yote kwa mara moja," Dada alisema, kwa sauti ya kawaida tu, ya mtu anayetaja namba ya nguo. "Nilitaka kuisoma mbio mpaka mwisho, ukumbi mzima usikie. Mama anasema nilinyamaza kwa kuwa nina moyo. Si moyo. Sauti ndiyo haikutoka."

"Mwanangu, si sasa," Mama alisema. "Mwache aende kwa amani."

"Nilitaka ushindwe," Dada alimwambia mdogo wake. "Na leo bado nataka."